Sayyidna Uthman na Haki ya Tarikh

Siku ya Ijumaa, katika misikiti ya Sunni hapa Ipagala, khatibu huwataja makhalifa wanne kwa kuwaombea radhi, na wa tatu wao ni Sayyidna Uthman bin Affan, Dhun-Nurayn. Lakini mtu akipanda daladala mpaka Jamatini, katikati ya Dodoma, mahali palipopata jina kwa jamatkhana ya Waismailia, amefika penye watu ambao kwao uongozi baada ya Mtume ulikuwa haki ya Sayyidna Ali tangu mwanzo. Ama Maibadhi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyokuwa ya masultani wa Unguja, wao huisifu miaka sita ya mwanzo ya Uthman na kuilaumu ile ya mwisho.

Ikhtilafu hii ina asili yake. Uthman alishika ukhalifa mwaka 644, dola ikapanuka, mali ikawa nyingi, naye akawapa jamaa zake wa Bani Umayya vyeo vikubwa, hata mji wa Kufa akampa Walid bin Uqba, ndugu yake kwa mama, ambaye baadaye alipigwa mijeledi kwa ulevi. Mwaka 656 waasi wakamzingira nyumbani kwake Madina. Akakataa damu ya Waislamu imwagwe kwa ajili yake, akauawa, na wapokezi husimulia kuwa msahafu ulikuwa mbele yake, na kwamba mkewe Naila, alipouzuia upanga kwa mkono, alikatwa vidole.

Walakini ni huyu huyu ambaye, Hudhayfa bin al-Yaman aliporejea kutoka Armenia na khofu kwa kuwaona askari wa Sham na Iraq wakibishana katika usomaji, alimwamuru Zayd bin Thabit na wenziwe wainakili Kurani kutoka kurasa za Bibi Hafsa, mjane wa Mtume, akapeleka nakala mijini, na nyinginezo zikachomwa. Uchomaji huo nao ulilaumiwa, na sahaba Ibn Masud hakuridhia. Hata hivyo mtoto wa chuoni Ipagala, Mwismailia wa mjini na Mwibadhi wa Unguja wote leo husoma hati iliyotokana na amri hiyo.

Basi haki ya tarikh ni kuyasema yote mawili: kwamba mtawala alilaumiwa na watu wa zama zake, na kwamba kazi yake imewakusanya hata wanaomlaumu. Walimu wetu na wawafundishe vijana mambo haya kamili, kwa adabu, kwani aliyefichwa ikhtilafu za wazee wake huja kuzisikia kwa mgomvi.