Mukuru, Nairobi: Jinsi wakazi na watafiti walivyopanga makazi kwa pamoja

Mukuru ni jina la pamoja la mitaa mitatu ya mabanda jijini Nairobi, nchini Kenya: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Kaya zipatazo 100,000 huishi humo, nyingi katika vyumba vya mabati vya kupanga. Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza mitaa hiyo kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango wa uendelezaji uandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi.

Chimbuko la mpango

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na kampuni kuanzia miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanda. Vingi havikujengwa, vibanda vikaongezeka, na wakazi wakaishi kwa hofu ya kubomolewa.

Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulishirikiana na Akiba Mashinani Trust na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuchunguza umiliki wa ardhi na gharama za maisha. Ilibainika kwamba maskini hulipa zaidi: maji ya mtungi na umeme wa kuunganishiwa kinyemela viliwagharimu kuliko wateja rasmi, ilhali huduma zilikuwa duni. Ushahidi huo, pamoja na shinikizo la wakazi, uliisukuma kaunti kuchukua hatua.

Namna kazi ilivyofanyika

Wakazi walijipanga kwa nyumba kumi kumi, kila kundi likichagua mwakilishi wa kupeleka maoni yake katika vikao vya juu zaidi. Zaidi ya taasisi 40, vikiwemo vyuo vikuu na mashirika ya kiraia, ziligawanywa kwa mada: makazi, afya, elimu, maji, ardhi, mazingira na fedha. Wakazi walihesabu kaya, wakachora ramani na kueleza mahitaji. Wataalamu wakayageuza hayo kuwa michoro na makadirio.

Suala gumu lilikuwa upana wa barabara. Viwango vya kawaida vya mipango miji vingewaondoa wakazi wengi mno. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba baadhi ya njia ziwe nyembamba, ili watu wachache iwezekanavyo wahamishwe.

Mafanikio na kasoro

Kuanzia mwaka 2020, barabara zilianza kuwekwa lami, mabomba ya maji na majitaka yakalazwa, na hospitali zikajengwa. Hata hivyo, mnamo Novemba 2021, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara, wakalala nje kwenye mvua.

Tukio hilo lilidhihirisha mpaka wa mpango wenyewe. Unaweza kuonyesha mahali pa choo, shule na njia, lakini haumpi mpangaji haki juu ya ardhi anayoishi. Zaidi ya hayo, huduma zinapoboreka, kodi ya chumba nayo inaweza kupanda, na anayeshindwa kuilipa huhama kabla ya kufaidi alichokipigania. Ndiyo maana umiliki wa ardhi na ulinzi wa wapangaji vingali madai makuu ya wakazi wa Mukuru.