Maji ya kulelea viinitete: kutoka bomba la London mpaka Muguga, na swali la mjomba

Nilipotea kidogo, na wale mnaopiga msuli kwenye vimbweta mpaka saa nane usiku mnajua sababu bila mimi kueleza. Leo sina stori za kafeteria wala za bumu kuchelewa. Nina semina ya kuwasilisha wiki mbili zijazo, inahusu kutengeneza maji ya kulelea viinitete vya ng'ombe nje ya mwili, na katika kuisomea nimejikuta nimezama kwenye historia kuliko kwenye semina yenyewe. Nimeona niimwage hapa kwanza, huko darasani nitajua cha kukata.

Kwa wasio wa fani yetu, kwa kifupi kabisa. Ng'ombe jike akichinjwa, ovari zake mara nyingi hutupwa. Ndani yake kuna mayai machanga. Mtaalamu anayafyonza kwa sindano, anayakomaza kwa saa 22 hadi 24, anayakutanisha na mbegu za dume kwa saa kama 18, kisha anayalea siku saba au nane mpaka yafikie hatua inayoitwa blastosisti. Hapo kiinitete kinaweza kupandikizwa kwa ng'ombe mwingine au kugandishwa. Yote hayo yanafanyika kwenye nyuzi 38.5, joto la mwili wa ng'ombe. Maabara iliyo vizuri, kwa kila mayai 100, inapata viinitete 30 hadi 40. Watu wakisikia habari hii wanauliza darubini, wanauliza mbegu zimetoka wapi. Maji hakuna anayeyauliza. Na hicho kiinitete kwa wiki nzima hakina mama wala damu, kina tone dogo la maji tu, limefunikwa kwa mafuta lisikauke.

Mchanganyiko unaotumika sana unaitwa SOF, yaani ni majimaji ya kuigiza yale ya kwenye mrija wa mayai. Kwenye lita moja unaweka chumvi ya kawaida gramu 6 na kidogo, halafu potasiamu, magnesiamu, fosfeti, bikaboneti, glukosi kiduchu, lakteti, piruveti, na albumini inayotoka kwenye damu ya ng'ombe. Kalsiamu unaiyeyusha mwisho na taratibu, ukiiharakisha inakamatana na fosfeti na maji yote yanakuwa meupe kama tui, unamwaga. Unaweka na rangi ya fenoli ili ikuambie hali: ikiwa njano maji yamekuwa makali kama ndimu, ikiwa zambarau yameelekea upande wa magadi. Kiinitete kinataka katikati, pH 7.2 mpaka 7.4. Kuchemsha huwezi maana albumini itaganda kama yai la kuchemsha, kwa hiyo unachuja kwa kichujio chenye vitundu vya maikromita 0.22, bakteria hapiti.

Sisi watu wa delta ya Rufiji wala hatuhitaji mashine kuelewa jambo hili. Delta nzima ni ugomvi wa maji baridi na maji ya chumvi. Mto ukija na nguvu, bahari inasukumwa nje na mpunga unastawi. Mto ukilegea, bamvua inapandisha chumvi kwenye mikono ya mto na mpunga unaungua. Mkulima wa kule anaonja maji kwa ulimi anajua kama shamba litapona. Maji ya SOF yana ukali wa takriban robo ya bahari, yaani kama yale yaliyochanganyika katikati ya mikoko siku ambayo mto na bahari vimepatana. Ongeza chumvi kidogo tu, seli inasinyaa. Punguza, inavimba.

Haya, historia. Inaanzia kwenye bomba la maji.

Mwaka 1882 daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alitangaza kwamba ameweza kuufanya moyo wa chura uendelee kupiga nje ya mwili ndani ya maji ya chumvi. Mwaka uliofuata, 1883, ikabidi aandike tena. Maji yaliyotumika kumbe hayakuwa yaliyokenekwa, yalikuwa ya bomba, ya kampuni ya New River iliyokuwa ikigawa maji London, na ndani yake mlikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji safi kabisa moyo ukalegea na kusimama. Alichokidhani ni uchafu ndicho kilichokuwa kinapigisha moyo. Mimi naona hapa ndipo somo zima la midia lilipozaliwa, kwa sababu kuanzia hapo watu walianza kuuliza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya maji, na kiasi gani.

Waliofuata nitawapitia haraka. Tyrode, Mmarekani, akatoa mchanganyiko wake mwaka 1910, na mpaka leo maji tunayotumia siku ya kuchanganya mayai na mbegu za dume yanabeba herufi ya jina lake. Hans Krebs na mwenzake Henseleit, kule Ujerumani mwaka 1932, wakapanga vizuri bikaboneti na hewa ya ukaa ili maji yasibadilike ovyo. Ndiyo maana inkubeta zetu zinalishwa hewa ya ukaa asilimia 5. Mwaka 1950 huko Toronto wakatengeneza Midia 199, ambayo ilitumika kukuza virusi vya polio kwa ajili ya chanjo. Hiyo hiyo 199 ndiyo wengi wanaikomazia mayai ya ng'ombe leo. Nani angedhani polio na ndama watakula sahani moja?

Viinitete vyenyewe vilianza kwa panya. Wesley Whitten, Canberra, mwaka 1956 alichukua maji ya Krebs, akaongeza glukosi na albumini ya ng'ombe, na viinitete vya panya vya seli nane vikafika blastosisti. Mwaka 1958 Anne McLaren na John Biggers wakavipandikiza viinitete vilivyolelewa hivyo, panya wakazaliwa wazima. Kila mtu akafikiri ng'ombe atafuata kesho yake. Wapi! Kiinitete cha ng'ombe kikifika seli 8 au 16 kinagoma. Ni pale pale ambapo vinasaba vyake vyenyewe vinaanza kufanya kazi, na kama maji hayakipendezi kinaishia hapo.

Walipokwama waliwatumia wanyama kama chupa, na hapa ndipo panapochekesha. Mwaka 1962 watafiti wa Cambridge na wenzao wa Afrika Kusini waliandika jinsi walivyosafirisha viinitete vya kondoo kwa ndege kutoka Uingereza vikiwa ndani ya mrija wa mayai wa sungura. Kilichopanda ndege ni sungura, na kondoo walizaliwa Afrika Kusini. Vya ng'ombe navyo vilikuja kuhifadhiwa kwenye mirija ya kondoo kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba mrija wa mnyama yeyote ulikuwa bora kuliko maji yoyote ya binadamu.

Sasa akili ikabadilika. Badala ya kubuni, wakaenda kupima. Australia mwaka 1966 walichapisha vipimo vya majimaji ya mrija wa kondoo, na mwaka 1972 Tervit, Whittingham na Rowson huko Cambridge wakatengeneza SOF kwa kufuata vipimo hivyo. Wakapunguza na oksijeni kutoka ile 20 ya hewani mpaka asilimia 5, kwa sababu ndani ya mrija wa uzazi oksijeni ni kidogo. Ndama wa kwanza wa yai lililorutubishwa nje ya mwili, Virgil, alizaliwa Pennsylvania tarehe 9 Juni 1981. Katikati ya miaka ya 1980 wakagundua heparini inaziandaa mbegu za dume vizuri, na tangu hapo ovari za machinjioni zikawa mali. Kisha ikaja tabu ya serumu. Maji yenye serumu nyingi yalitoa ndama wakubwa kupita kiasi, mama anashindwa kuzaa, ndama wengine wanakufa. Ikabidi waipunguze, wengine waliondoa kabisa. Yaani kitu kilichofanywa kwenye tone la maji siku ya tatu kinaonekana miezi tisa baadaye, zizini.

Mtaniuliza, Afrika Mashariki tulikuwa wapi muda wote huo? Hatukuwa mbali. Kule Muguga, karibu na Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950, Walter Plowright na wenzake walikuwa wanakuza seli za figo za ndama kwenye maji ya chumvi zilizopimwa na serumu, halafu wanapitisha virusi vya sotoka ndani yake mara kwa mara, kiasi cha mara 90, mpaka vikapoteza makali. Ikatoka chanjo. Sotoka ndiyo ile iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, Wamasai wakabaki hawana kitu. Mwaka 1999 Plowright akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Viinitete si chanjo, sawa, ila ufundi wa maji ni ule ule: seli za ng'ombe, nje ya ng'ombe, wazima. Kwa hiyo mtu akikwambia kazi hii ni ya Wazungu wenye maabara za vioo, mwambie imefanyika Muguga kabla baba yako hajaoa. Na mwaka 2008 watafiti wa Nairobi waliandika habari za ndama wa zebu wa Afrika Mashariki aliyezaliwa kutokana na kiinitete cha maabara.

Zebu, narudia. Hapa chuoni ukitaja zebu watu wanacheka, wanataka Friziani. Lakini Brazil ilipoongoza dunia kwa viinitete vya maabara, ilipanda kwa mgongo wa Nelore, zebu wenye asili ya India, kwa sababu ovari za zebu zina mayai mengi kuliko za ng'ombe wa Ulaya. Malori ya ng'ombe yanayopita Kibiti kuelekea mnada wa Pugu yamebeba utajiri ambao hakuna anayeuhesabu.

Hayo ndiyo niliyomweleza mjomba wangu likizo iliyopita. Analima mpunga upande wa delta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akasema, "Sasa mjomba, hawa waliopo wametushinda, nyie mnataka kutengeneza wengine?"

Nilikaa kimya, maana swali lake lina historia kuliko semina yangu. Rufiji ya zamani haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o walikuwa ndio askari wa mpakani, na nagana ikimkuta ng'ombe hamalizi msimu. Ukiacha mbung'o kulikuwa na kupe wa ndigana kali, ugonjwa ambao kwa Kiingereza umepewa jina la pwani yetu ya mashariki kwa sababu uliingia Rhodesia kusini mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na ng'ombe waliotoka huku. Wafugaji wengi walikuja baada ya mwaka 2006, serikali ilipoondoa mifugo Usangu na Ihefu ili kunusuru maji ya Ruaha Mkuu. Makundi yakaelekezwa Lindi, mengine yakaishia Rufiji, enzi hizo Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji. Na Ruaha Mkuu unamwaga wapi? Rufiji. Ng'ombe waliondolewa juu ya mto kwa sababu ya maji, wakashuka na mto ule ule mpaka kwenye mpunga wa mjomba. Baada ya hapo ni kesi za mazao kuliwa, vurugu, na damu kumwagika kati ya wakulima na wafugaji.

Nilimjibu kwamba lengo si ng'ombe wengi, ni wachache wenye maziwa, mfugaji awe na 10 badala ya 100. Hili ndilo jibu la kwenye madesa yetu na mimi nalikubali nusu. Nusu nyingine, mfugaji anayejua ukame na ndigana hawezi kupunguza kundi kwa sababu tu mwanafunzi ana tone zuri la maji. Kwake yeye wingi ndiyo bima. Labda umhakikishie kwanza kwamba hao 10 hawafi.

Na hapo ndipo linapokuja jambo ambalo sikumwambia mjomba. Mwaka 2012, kwenye taasisi ya ILRI Nairobi, alizaliwa dume wa Boran aliyepewa jina Tumaini. Huyu ni nakala, alitengenezwa kwa seli ya ng'ombe mwingine, na kiinitete chake nacho kilianzia kwenye tone la maji kama haya ninayoyasomea. Alikuwa hatua ya majaribio ya kuelekea ng'ombe aliyewekewa kinasaba cha nyani, kwa sababu damu ya nyani inaua vimelea vya nagana. Ng'ombe wa namna hiyo akipatikana, mfugaji atashangilia, na mimi kama mtu wa fani nitashangilia naye. Lakini mbung'o ndiye uzio wa mwisho uliobaki kwenye mapori ya Rufiji, na hakuna aliyemuuliza mkulima wa mpunga kama anataka uzio huo uondoke. Disemba nikienda nyumbani nitamweleza mjomba habari za Tumaini, nisikie atasemaje. Nikirudi nitawaandikia.