Asidi amino moja inayogeuza chembe ya damu kuwa mundu

KATIKA miinuko ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, mtoto akipata homa, kwa kawaida malaria ndiyo hushukiwa kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban robo ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka mitano.

Lakini penye historia ndefu ya malaria barani Afrika huwapo pia selimundu, ugonjwa wa kurithi unaotokana na badiliko la asidi amino moja tu.

Protini za mwili huundwa kwa aina 20 za asidi amino, zilizopangwa mithili ya shanga katika uzi. Baadhi hupenda maji, nyingine huyakimbia. Baadhi zina chaji ya umeme, nyingine hazina. Kwa kuwa mwili umejaa maji, zinazoyakimbia hujificha ndani na zinazoyapenda hubaki nje, uzi ukajikunja na kupata umbo.

Si kila protini huwa na umbo la kudumu. Kaseini ya maziwa ina prolini nyingi, asidi amino inayovuruga mikunjo ya kawaida. Hivyo hubaki imelegea, na bado hubeba kalsiamu ya kumlisha mtoto.

Himoglobini, inayosafirisha oksijeni katika damu, huhitaji umbo maalumu. Ina nyuzi nne: mbili za alfa zenye asidi amino 141 kila mmoja, na mbili za beta zenye 146.

Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti. Mwaka 1957, Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, alibaini sababu: katika nafasi ya 6 ya uzi wa beta, asidi ya glutamiki, yenye chaji na inayopenda maji, imebadilishwa na valini, isiyo na chaji na inayoyakimbia.

Himoglobini hiyo hujikunja vizuri, ila usoni hubaki na doa linalonata. Ikiachia oksijeni, valini hujibanza kwenye himoglobini jirani. Nyingi zikishikana hufanya nyuzi ngumu, chembe nyekundu ikapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba watu hao hupata kinga dhidi ya malaria kali. Wazazi wawili wa namna hiyo wana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila mimba, wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu maalumu mwaka 2004. Anayegunduliwa mapema husaidiwa kwa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na haidroksiyurea.

Maumivu ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu vikijirudia hata baada ya malaria kutibiwa, mzazi anapaswa kuomba mtoto apimwe selimundu.