Yuko Chini, Wako Chini: Anguko katika Ndondi na Mapigano ya Mseto



Tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Riyadh, Francis Ngannou wa Kameruni alimwangusha Tyson Fury kwa konde la kushoto katika raundi ya tatu. Ngannou alikuwa bingwa wa zamani wa uzito wa juu katika mchezo ambao hapa nitauita mapigano ya mseto, yaani ule unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kabali katika pambano moja. Usiku huo alikuwa akicheza ndondi za kulipwa kwa mara ya kwanza. Fury alipoanguka, Ngannou hakumfuata. Alijitenga, mwamuzi akahesabu, Fury akainuka, na mwishowe akapewa ushindi kwa pointi za majaji wawili dhidi ya mmoja. Katika mchezo wake mwenyewe, Ngannou angemrukia palepale.

Michezo hii miwili hulinganishwa aghalabu kwa wingi wa silaha: huku ngumi tupu, kule viungo vyote. Ulinganishi huo si wa uongo, lakini haumgusi mtazamaji. Kwa anayetazama, na zaidi kwa anayesimulia, mpaka wa michezo hii ni anguko. Katika ndondi, anguko ni kituo. Katika mapigano ya mseto, ni mlango wa sehemu nyingine ya pambano.

Ndondi zenyewe hazikuwa hivyo tangu awali. Kanuni za Jack Broughton za mwaka 1743, huko London, zilikataza kumpiga aliyeanguka na kumshika chini ya kiuno. Juu ya kiuno ilikuwa halali, na kumbwaga mtu ilikuwa sehemu ya ufundi. Chini ya kanuni za ulingo za London za mwaka 1838, kila anguko lilimaliza raundi. Ndiyo maana pambano la John L. Sullivan na Jake Kilrain, lililofanyika Mississippi mwaka 1889 kwa mikono mitupu, lilifika raundi 75: raundi ilipimwa kwa mwili kugusa ardhi, wala si kwa saa. Kanuni zinazojulikana kwa jina la Queensberry, za mwaka 1867, zilileta glovu, raundi za dakika 3 na sekunde 10 za kuinuka, zikaiondoa mieleka. Hata hivyo, mchezo ulihitaji muda mrefu kuizoea adabu hiyo. Mjini Chicago mwaka 1927, Jack Dempsey alimwangusha Gene Tunney katika raundi ya saba, akachelewa kwenda kwenye kona aliyotakiwa kwenda. Mwamuzi hakuanza kuhesabu mpaka alipokwenda, na Tunney akapata zaidi ya sekunde 10 za kupumzika. Tunney ndiye aliyeshinda.

Kwa hiyo, mapigano ya mseto yalipoanza kuonyeshwa Denver tarehe 12 Novemba 1993, kwa televisheni ya kulipia, yalirudisha kile ambacho Queensberry alikitoa. Mmoja wa washindani wanane alikuwa bondia, Art Jimmerson, aliyeingia akiwa amevaa glovu mkono mmoja tu. Royce Gracie alimwangusha, akamkalia juu. Jimmerson akapiga sakafu kwa mkono kukubali kushindwa, bila kupokea konde lolote la maana. Bondia alifahamu kwamba ameshindwa. Waliozoea ndondi hawakuona kilichomshinda. Hata leo, wawili wakikaa chini kwa muda, sehemu ya watazamaji huzomea. Kanuni zilizoandaliwa New Jersey mwaka 2000 na 2001 ziliweka raundi za dakika 5 na orodha ndefu ya makosa, lakini anguko liliachwa lilivyo.

Sasa tuitazame lugha. Pambano la Dempsey na Georges Carpentier lilitangazwa redioni mwezi Julai 1921, na ndondi zikaishi redioni kwa miongo mingi, kwa sababu zinasimulika. Mtangazaji akisema "yuko chini!", sentensi imetimia: msikilizaji anajua nani kaanguka, nani kasimama, na kwamba saa inakwenda. Kiambishi cha nafsi moja kimebeba pambano zima. Katika mapigano ya mseto husemwa "wako chini", na wingi huo haumwambii msikilizaji kitu: nani yu juu, shingo ya nani imebanwa, nani bado anapumua.

Nikiri kwamba naupenda uwazi wa ndondi, na kwamba siuamini. Zile sekunde 10 ambazo ukumbi mzima huhesabu kwa sauti moja humpa mtu aliyetikisika ubongo nafasi ya kusimama ili apigwe tena. Kule kwenye mseto, mwamuzi mara nyingi huingia kati kabla mtazamaji hajashiba, naye hunung'unika.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mchezo huu. Msamiati upo, ila umetawanyika. Mwereka ni anguko la kubwagwa na mwenzako, tofauti kabisa na kuanguka kwa konde. Mtama na ngwala ni maneno ya watoto wanaotegana miguu. Kabali tunaijua kutokana na habari za vibaka wa njiani. Kukaba, kunyonga, kubana na kuchoropoka ni vitenzi vya kila siku. Maneno ya ndondi, yaani konde, ulingo, raundi na nokauti, yamekaa pamoja kwa sababu watangazaji na waandishi wa michezo waliyatumia pamoja wiki baada ya wiki. Haya mengine hayajapata mtangazaji wa kuyakusanya. Bado yapo kwenye viwanja vya shule na vichochoroni, ambako mtoto aliyepigwa mtama hahesabiwi hadi kumi.