Sauti Iliyotoka Mtaa wa Hastings

Mwishoni mwa Agosti 2018, foleni ilizunguka Makumbusho ya Charles H. Wright jijini Detroit. Ndani alilazwa Aretha Franklin, ndani ya jeneza lililong'aa dhahabu, amevaa nguo nyekundu na viatu vyekundu vya visigino virefu, miguu imepishanishwa kama mtu aliyekaa kitako akisubiri zamu yake ya kuimba. Kesho yake walimkuta na vazi jingine. Siku ya tatu, kanisani New Bethel, alikuwa amebadilishwa tena. Mashabiki waliompenda kwa nusu karne hawakuhitaji kuelezwa: malkia harudii gauni.

Dunia ilimlilia malkia wa muziki wa soul, mwenye tuzo 18 za Grammy, mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, mwaka 1987. Detroit ilimlilia binti wa mchungaji. Tofauti hiyo si ndogo, na anayetaka kuielewa hana budi kurudi kwenye mtaa ambao leo haupo.

Aretha alizaliwa Memphis mwaka 1942, lakini alikulia Detroit, ambako baba yake, C. L. Franklin, alikabidhiwa kanisa la New Bethel mwaka 1946. Kanisa lilikuwa Mtaa wa Hastings, uti wa mgongo wa maisha ya Wamarekani weusi jijini humo: maduka, vinyozi, kumbi za muziki, makanisa, vyote bega kwa bega. Mtaani humo humo Joe Von Battle alikuwa na duka la santuri. Alirekodi mahubiri ya Mchungaji Franklin na kuyauza, na kutoka dukani sauti ya mhubiri iliwafikia wapita njia. Mwaka 1956 alimrekodi pia binti wa mchungaji huyo, Aretha, msichana wa miaka 14, akiimba nyimbo za injili na kujipigia piano mwenyewe.

Kisha matingatinga yakaja. Hastings ilibomolewa kupisha barabara kuu ya Chrysler, na New Bethel ikahamia Linwood mwaka 1963, katika jengo lililokuwa ukumbi wa sinema. Von Battle naye alihamishia duka lake Mtaa wa 12.

Wakati huo Aretha alikuwa New York na kampuni ya Columbia, akivishwa nyimbo laini zilizombana kama kiatu cha kuazima. Miaka sita ikapita hivyo. Mwaka 1967 mtayarishaji Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic alimpeleka Muscle Shoals, Alabama, akamkalisha kwenye piano. Basi! Alipogusa kinanda kwa namna ya kanisani, wapiga ala waliokuwa chumbani walijua wafuate nini. Ugomvi ulivunja kazi siku hiyo hiyo, ukiacha wimbo mmoja tu umekamilika, na mengine yakamaliziwa New York.

Huko, tarehe 14 Februari, alirekodi “Respect”. Mwimbaji Otis Redding alikuwa ameutoa mwaka 1965 kama dai la mume anayerudi nyumbani. Aretha aliugeuza: mwenye kudai sasa ni mwanamke, neno lenyewe analitaja herufi moja moja, huku dada yake Erma na mdogo wake Carolyn wakimwitikia. Aliyewahi kuimba kwaya anaujua mtindo huo wa mmoja kutupa na wengine kudaka. Ni New Bethel iliyohamia studio.

Juni wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Julai, Detroit iliwaka moto. Watu 43 walikufa katika machafuko yale, na duka la Von Battle liliangamia pamoja na kanda zake nyingi. Sauti za Hastings zilizoponea matingatinga zikapotelea hapo.

Ndiyo maana albamu yake ya injili, “Amazing Grace”, ina uzito wa pekee kwa wapenzi wake. Januari 1972 aliirekodi kwa usiku mbili katika kanisa moja mtaa wa Watts, Los Angeles, akiwa na mwanamuziki wa injili James Cleveland na kwaya yake, na ikawa albamu yake iliyouzwa kuliko zote. Mwongozaji Sydney Pollack alipiga filamu, lakini picha na sauti hazikuwekewa alama za kuzioanisha, mikanda ikakaa kabatini zaidi ya miaka 40.

Filamu ilionyeshwa hatimaye Novemba 2018, miezi mitatu baada ya msiba. Waliomlilia Detroit wakamwona tena, akiwa na miaka 29, amefumba macho, uso unatiririka jasho kwenye piano. Baba yake anainuka, anamsogelea na kitambaa, na kumpangusa paji la uso taratibu. Aretha hafumbui macho, wala hakatizi wimbo.