Sehemu ya 3: Kundi L

Mama zangu, mtoto akikuuliza kwa nini baba yake haisahau Lesotho, mwambie hivi. Kufuzu AFCON 2019 tulipangwa na Uganda, Cape Verde na Lesotho. Lesotho tukatoka nao sare hapa Dar, kwao Maseru wakatufunga 1-0. Wengi tulikata tamaa, mimi wa kwanza.

Tarehe 24 Machi 2019 ikabidi tuifunge Uganda, ambayo ilishafuzu, halafu Lesotho wasishinde kule Praia. Msuva, Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris: 3-0! Praia ikaisha 0-0. Tukapita na pointi 8 tu.

Mara ya mwisho ilikuwa Nigeria, 1980. Watoto waliozaliwa mwaka ule, leo wengine wanaleta wajukuu kliniki.