Ndio Mzee: wimbo uliomsubiri mwenyewe

Wadau, tukibishana kuhusu albamu bora ya Bongo Flava, kura yangu naipeleka kwa Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Jay, yaani Joseph Haule, alitokea kundi la Hard Blasters, enzi ambazo wazazi wengi waliona rap ni uhuni mtupu.

Bongo Dar es Salaam naipenda kwa kuuonyesha mji bila kuuremba. Ila namba moja kwangu ni Ndio Mzee. Uchaguzi Mkuu wa 2000 ulikuwa umepita juzi tu. Mgombea wa kwenye wimbo anamwaga ahadi zisizowezekana, umati unaitikia. Wengi walimcheka mgombea. Mimi naona tunaochekwa ni sisi tunaoitikia.

Mwaka 2015 Jay mwenyewe akaomba kura, akawa mbunge wa Mikumi kupitia CHADEMA hadi 2020. Wapo wanaosema alijipinga. Sikubali. Wimbo haukukataza mtu kugombea, ulitufundisha kuuliza kabla ya kuitikia. Na yeye pia alistahili kuulizwa.

Nyie mnasemaje?